Jinsi ya kufaidi ofisi ya pamoja, kuanzia kibanda cha simu hadi ukumbi wa jioni

Miaka miwili ya kwanza niliitumia ofisi ya pamoja, yaani jengo ambalo watu wa shughuli mbalimbali hulipia nafasi ya kufanyia kazi, kama abiria anavyolitumia basi: naingia, natafuta kiti, nainamia kazi yangu, nashuka. Nililipa kila mwezi, na kila mwezi nilijiuliza kama fedha ile isingetosha kununua meza nzuri ya nyumbani. Ankara ndiyo iliyonifungua macho. Siku moja niliisoma mstari kwa mstari, nikakuta kifurushi changu kina saa nne za chumba cha mkutano, kurasa mia moja za kuchapa, na ukumbi kwa nusu bei baada ya saa za kazi. Vyote hivyo vilikuwa vinafutika kila mwisho wa mwezi bila mimi kuvigusa.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini jambo moja: anayelipia ofisi ya pamoja amelipia jengo zima, saa zake zote na watu waliomo. Kiti ni sehemu ndogo tu ya mali hiyo. Mwongozo huu ni kwa aliyejiajiri, kwa timu ndogo isiyo na ofisi, na kwa mwajiriwa anayefanya kazi mbali na makao makuu ya kampuni yake.

Na kukitumia chumba kimoja kwa shughuli zaidi ya moja si jambo geni. Mwaka 2005 mwanaprogramu Brad Neuberg alipofungua ofisi ya pamoja ya kwake San Francisco, Marekani, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake, hakuwa na jengo. Alikodi nafasi siku mbili kwa wiki ndani ya nyumba iliyokuwa na shughuli nyingine, akawa anapanga meza asubuhi na kuzikunja jioni. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Alichotaka ni uhuru wa kujiajiri pamoja na wenzake wa kukaa nao, na chumba kilichokuwa cha shughuli nyingine jana kikatosha kabisa.

Hatua ya 1: Lizunguke jengo kabla ya kulipia mwezi

Omba siku moja ya kujaribu. Ofisi nyingi huitoa bure au kwa malipo ya siku. Nenda saa ile ile unayotarajia kufanya kazi, kwa sababu mahali palipo kimya saa mbili asubuhi panaweza kuwa soko ifikapo saa tano.

Fungua kila mlango unaoruhusiwa kuufungua. Hesabu vibanda vya simu, yaani vile vyumba vidogo vya mtu mmoja vya kuongelea simu yako bila kusumbua wengine, na uangalie vingapi vina watu. Keti kwenye kiti dakika ishirini, usikijaribu kwa kukigusa. Tafuta soketi zilipo. Ingia kibandani na simu yako uone kama mtandao unashika ndani, maana kuta nene zinazozuia sauti wakati mwingine huzuia na simu.

Intaneti ipime kwa kupakia, siyo kwa kupakua pekee. Watu huonyeshwa namba kubwa ya kupakua wakaridhika, kumbe kazi yao ni ya kutuma. Kasi hupimwa kwa megabiti na faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo video ya gigabaiti 10 ikipanda kwa megabiti 20 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja. Kwa megabiti 200 ni kama dakika saba. Ukiwa mpiga video au mbunifu wa michoro, tofauti hiyo peke yake inaweza kulipia siku yako. Kusanya faili nzito za wiki nzima uje uzitume siku moja.

Mwisho, omba orodha iliyoandikwa ya kila kilichomo kwenye kifurushi: saa za vyumba, kurasa, kabati, ukumbi, matawi mengine unayoruhusiwa kuingia ukisafiri. Uliza pia saa zisizotumika zinakwenda wapi.

Hatua ya 2: Zipe kazi zako vyumba

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na mimi naiona kuwa ndiyo msingi wa nyingine zote. Chukua karatasi, andika kila kazi uliyoifanya wiki iliyopita, hata ndogo. Kisha zigawe mafungu manne. Kazi za kichwa: kuandika, kufanya hesabu, kutunga programu. Kazi za mdomo: simu, mahojiano, kurekodi. Kazi za mikono: kuchapa, kufunga mizigo, kupiga picha bidhaa. Kazi za watu: mikutano, kufundisha, kuonana na mteja.

Kila fungu lina mahali pake na saa yake. Kazi za kichwa zipeleke kona ya kimya, mapema. Kazi za mdomo zipange zote mchana mmoja, uombe kibanda mara moja badala ya kuhangaika nacho kila siku. Mtu wa mapokezi anajua vizuri jengo linapumua saa ngapi, muulize. Kwetu aliniambia kwamba Ijumaa baada ya saa nane chumba kikubwa hakiombwi na mtu yeyote. Kwa mwaka mzima sasa Ijumaa ile ni yangu.

Hatua ya 3: Geuza kibanda cha simu kuwa studio

Unataka kurekodi kipindi cha sauti, somo la mtandaoni au maelezo ya video? Kibanda kinaweza kukufaa kuliko chumba kikubwa chenye mwangwi, ila kina hila zake.

Ingia na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi ukirudi kama wa bati, kuna uso mgumu unaorudisha sauti, na mara nyingi ni mlango wa kioo. Tundika koti au blanketi juu yake, piga kofi tena. Kofi la pili linapaswa kufa papo hapo.

Kisha sikiliza dari. Vibanda vingi vina feni inayowaka yenyewe mtu akiingia. Kama haizimiki, geuza mgongo wa maikrofoni uelekee feni na mdomo wako usogee karibu. Shibiri moja kati ya midomo na maikrofoni inatosha. Usiiweke mbele ya mdomo moja kwa moja. Isogeze pembeni kidogo, kwa sababu Kiswahili kimejaa p na b. Tamka “papo kwa papo” ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo utausikia upepo. Upepo huo ndio unaopasuka kwenye rekodi.

Kabla ya kusema neno la kwanza, rekodi sekunde kumi za ukimya. Programu ya kusafisha sauti itautumia ukimya huo kuujua mlio wa feni na kuuondoa. Rekodi dakika moja, vaa hedifoni, isikilize yote. Nilipoanza sikufanya hivyo. Nilisoma maandishi ya dakika arobaini, nikagundua nyumbani kwamba kila sentensi ilikuwa na mtu anayesogeza kiti ghorofa ya juu.

Kwa mahojiano ya video, keti ukilitazama dirisha. Dirisha likiwa mgongoni, uso wako unageuka kivuli. Mwanga huo huo unafaa kupigia picha bidhaa ndogo: meza karibu na dirisha, na kadibodi nyeupe upande wa pili ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Na kibanda usikishikilie asubuhi nzima. Wengine wana simu za kazi.

Hatua ya 4: Jaribu kazi yako kwa watu watano

Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Kinachobaki ni kurekebisha na kujaribu tena. Kwa mtu aliyeko nyumbani peke yake, watano ni wengi. Kwa aliye kwenye ofisi ya pamoja, wako wanasubiri maji yachemke.

Namna ya kuwaomba ni muhimu. Usiseme “nipe maoni yako”, maana utapewa sifa za adabu. Mpe mtu kazi moja. Mimi husema: “Dada, una dakika kumi? Naomba ujisajili hapa kama vile unataka kuagiza, na useme kwa sauti kila unachokiwaza.” Baada ya hapo nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu. Mkono unawasha kuonyesha kitufe kilipo, lakini ukikionyesha jaribio limeharibika.

Niliwahi kujaribu fomu yangu ya maombi kwa watu watano. Watatu walisimama mahali pale pale, wakaduwaa na kidole hewani. Kitufe kilikuwa kimeandikwa “Wasilisha”, na juu yake kulikuwa na kingine kimeandikwa “Hifadhi”. Wote watatu walibonyeza “Hifadhi”, wakaamini wamemaliza. Nilikuwa nimeitazama fomu ile miezi miwili bila kuona kosa.

Tahadhari moja. Wakaaji wa ofisi hizi wengi wao hushinda kwenye kompyuta. Kama unachotengeneza ni cha wazee au cha watu wenye simu ndogo, majirani zako wa meza hawatoshi. Watakuonyesha makosa ya wazi tu, na ya ndani utayafuata huko walipo watumiaji wenyewe.

Hatua ya 5: Tumia kuta na meza kubwa

Skrini huonyesha ukurasa mmoja au miwili. Meza ya mkutano huonyesha kitabu kizima. Nikiwa nahariri ripoti ndefu, naichapa, naomba chumba saa mbili, napanga kurasa zote mezani kwa safu, sura baada ya sura. Halafu nasimama. Macho yakiwa juu, mambo hujitokeza ambayo kwenye skrini yamejificha: sura ya tatu ina kurasa thelathini na ya nne ina sita, jedwali lile lile limetokea mara mbili, hitimisho linajibu swali ambalo halikuulizwa popote.

Kwa kupanga mradi, tumia ubao mweupe na karatasi za kunata. Kila kazi karatasi moja, kila mtu rangi yake. Mkimaliza, piga picha kwanza, kisha futeni kabisa. Majina ya wateja na bei zenu hayapaswi kumsubiri atakayeingia baada yenu.

Hatua ya 6: Anzisha saa ya kimya

Hii haihitaji ruhusa kubwa wala fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa Italia, Francesco Cirillo, alianza kusoma kwa kutega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Utaratibu uliotokana nayo unajulikana sana: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumzika. Peke yako ni rahisi kuuvunja. Mkiwa sita mezani, si rahisi.

Fanyeni hivi: kaeni, kila mmoja aseme kwa sentensi moja atakachofanya. Si “nitashughulikia kodi”, bali “nitaingiza risiti za Machi”. Simu zigeuzwe kifudifudi. Baada ya dakika 25 kila mmoja aseme amefika wapi, bila hotuba. Rudieni mara tatu. Sisi tulianza watatu siku za Jumanne, na kazi zilizoletwa pale ni zile zile ambazo kila mtu alikuwa amezikwepa kwa wiki kadhaa. Anayekuja kupiga soga aambiwe kwa upole mapema kwamba saa ile si yake.

Hatua ya 7: Badilishaneni ujuzi, lakini kwa kipimo

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwa nini watu tunaojuana nao kwa mbali hutusaidia sana kupata habari za kazi. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua. Mnakaa pamoja, mnasikia yale yale. Mtu wa salamu tu hutoka kwenye mduara mwingine na kuleta yasiyofika kwako. Ofisi ya pamoja ni ghala la watu wa salamu. Kwa hiyo usiing’ang’anie meza moja. Badilisha ghorofa mara moja kwa wiki.

Omba ruhusa ya kuweka karatasi karibu na jiko, yenye safu mbili: “Naweza” na “Nahitaji”. Anza wewe kujaza. Mimi niliandika kwamba naweza kuhariri maandishi na nahitaji mtu wa hesabu. Siku ya tatu mama mmoja mhasibu alikuja akakaa pembeni yangu, akaitazama ankara niliyokuwa naiandaa, akaweka kidole kwenye skrini: “Kaka, hii kodi umeijumlisha mara mbili.” Ilikuwa kweli. Kwa dakika ishirini alinipangia jedwali ambalo naendelea kulitumia. Wiki iliyofuata nikamwandikia upya maelezo ya kampuni yake.

Kipimo tulichokubaliana ni saa moja. Ndani ya saa moja ni ujirani. Ikizidi ni kazi, na kazi ina ankara. Nawasihi mlitamke hili mapema. Nimeona watu wawili waliokuwa wakicheka pamoja kila asubuhi wakiacha kusalimiana kwa sababu “niangalizie tovuti yangu kidogo” iligeuka kuwa wiki tatu.

Hatua ya 8: Ombeni ukumbi kwa saa zilizolala

Msimamizi wa ofisi ya pamoja ana saa ambazo hazimwingizii kitu: jioni, mwisho wa wiki, mchana ambao watu wamekwisha kuondoka. Wewe una ujuzi. Hapo pana mapatano. Usiende kuomba punguzo, nenda na pendekezo: “Nipe ukumbi saa moja na nusu, nitaleta watu kumi na watano ambao hawajawahi kuingia humu.” Kwake hao ni wateja watarajiwa. Kwako ni darasa.

Anza na somo moja dogo lenye mwisho wa wazi. “Jinsi ya kuandika barua ya maombi ya kazi, na uondoke nayo mkononi” ni bora kuliko “Misingi ya uandishi”. Kabla ya kutangaza, hakikisha mambo haya yameandikwa: ukumbi unachukua watu wangapi kwa usalama, nani anabaki na funguo, nani analipa kikivunjika kitu, na wageni wanaruhusiwa kufika wapi. Fika nusu saa mapema ujaribu projekta na kompyuta yako mwenyewe, maana nyaya za watu wengine mara nyingi hazilingani.

Ukumbi si wa kufundishia tu. Mpiga picha anaweza kuomba kuta za korido kwa mwezi mmoja. Mwandishi anaweza kusoma rasimu mbele ya watu wanane na kuona ni ukurasa upi wanaanza kutazama simu.

Timu iliyotawanyika inaweza kukutana siku moja kila mwezi, na hapo ushauri wangu ni kukodi chumba asubuhi pekee, kwa yale mazito. Mchana kaeni meza za wazi, kila mtu na kazi yake. Mazungumzo mengi mazuri huja wakati huo, mmoja akimgeukia mwenzake kuuliza neno moja.

Hatua ya 9: Linda siri za kazi yako

Mambo machache, ila usiyapuuze. Funga skrini kila unapoinuka, hata ukienda kujaza maji. Mazungumzo ya mteja yafanyie kibandani, na usitaje jina lake kwenye korido. Ulichochapa kichukue mara moja kwenye printa. Kwa nyaraka nyeti tumia VPN (huduma inayoficha unachotuma mtandaoni wengine wasikisome), au intaneti ya simu yako. Keti mgongo ukutani unaposhughulikia mishahara au mikataba.

Ukitaka kutumia anwani ya ofisi kusajilia kampuni, uliza kwanza mamlaka ya usajili ya nchi yako. Sheria zinatofautiana: kwingine anwani ya aina hiyo inakubalika kwa barua tu, na usajili hudai mahali unapopatikana kweli.

Hatua ya 10: Pima kila mwisho wa mwezi

Weka daftari dogo. Kila siku andika mstari mmoja: umetumia chumba gani, saa ngapi, na kimekuletea nini. Mwisho wa mwezi gawanya malipo kwa siku ulizofika kweli. Aliyelipia siku 20 akaja siku 9 amelipa zaidi ya mara mbili ya bei aliyodhani, na pengine kifurushi cha siku 10 kingemtosha. Halafu tazama safu ya mwisho. Kama kwa miezi mitatu mfululizo kinachojirudia ni “kiti, intaneti” peke yake, punguza kifurushi.

Ukiamua kuondoka, soma kwanza mkataba unadai notisi ya muda gani. Mara nyingi ni mwezi mmoja. Tumia mwezi huo kumaliza saa za vyumba ulizokwisha kulipia, ondoa anwani yao kwenye ankara na kadi zako, toa vitu vyako kabatini, na uombe risiti ya amana yako.